Tumemshitaki Bono kwa Kosa Lisilo Lake

Ugomvi ulianza kwa fulana. Kijana mmoja wa kwaya yetu, mpiga gitaa la besi, alikuja mazoezini Alhamisi moja amevaa fulana ya mtumba yenye jina la U2, ile bendi ya roki ya Ireland. Mwenzake aliyekuwa akiunganisha nyaya za spika akamtazama, akasema, "Kaka, huyo mwimbaji wako alivaa pembe za shetani jukwaani. Leo unatuletea madhabahuni?" Mwenye fulana akajibu kwamba mwimbaji huyo huyo, Bono, ndiye aliyeifutia Tanzania madeni, na kwamba bila yeye hata huyo anayemsema asingesoma shule ya msingi bila ada. Kabla ya sala ya kufunga, kwaya ilikuwa imegawanyika pande mbili. Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa alisimama wakati wa matangazo, akasema muziki wa namna ile usitajwe tena katika uwanja wa kanisa, na anayeupenda ajipime kama kweli ameokoka. Hakutaja jina la mtu, lakini sote tuligeuza shingo kutazama mahali pamoja.

Mpiga besi hajarudi. Ni wiki ya tisa sasa.

Naandika kwa sababu ya wiki hizo tisa. Nimewasikiliza wanaompinga Bono na wanaomtetea, nikaona kwamba wote wanapiga kelele mahali ambapo hakuna kesi, na mahali penye kesi wamepita kimya. Na mzee wetu, ambaye namheshimu na ndiye aliyenifundisha kipaimara, amekosea zaidi ya wote, kwa kuwa yeye alikuwa na kipaza sauti.

Kwa wasiomjua mtu huyu: jina lake la kuzaliwa ni Paul Hewson, na alizaliwa Dublin mwaka 1960. Baba yake alikuwa Mkatoliki na mama yake Mprotestanti, katika nchi ambayo tofauti hiyo ilikuwa ikiua watu. Mama yake alianguka kwenye mazishi ya baba yake mzazi mwaka 1974, akafariki siku chache baadaye. Kijana alikuwa na miaka 14. Miaka miwili baadaye akajiunga na wenzake wa shule kuanzisha bendi. Watatu kati ya wanne, yaani Bono, mpiga gitaa anayeitwa The Edge, na mpiga ngoma Larry Mullen, waliingia pia katika kikundi cha maombi pale Dublin kilichoitwa Shalom. Hapo wakakutana na swali ambalo sisi tunadhani tumelibuni: je, aliyempa Yesu maisha yake anaweza kupiga gitaa la umeme mbele ya watu wanaokunywa bia? Karibu na mwaka 1981 The Edge alikuwa tayari kuiacha bendi kwa ajili ya swali hilo. Waliomba, wakasumbuka, wakakiacha kikundi na kubaki na muziki. Mwaka 1983 walitoa albamu yao ya tatu, na wimbo wa mwisho ndani yake wameutoa katika Zaburi ya 40. Kwa miaka mingi waliutumia kufunga maonyesho yao. Wanamuziki walikuwa wakiondoka jukwaani mmoja mmoja huku maelfu ya watu, wengi wao hawajakanyaga kanisani tangu utoto, wakiendelea kuimba maneno ya Daudi hadi nje ya uwanja. Nitajieni mkutano wa injili wa mwaka huu uliofanya hivyo.

Sasa tuje kwenye pembe. Ni kweli alizivaa. Ilikuwa mwaka 1993, katika ziara ya muziki iliyoitwa Zoo TV. Alitokea na suti inayong'aa kama dhahabu, uso umepakwa nyeupe, na pembe mbili nyekundu kichwani, akijiita MacPhisto. Alikuwa akiigiza shetani mzee aliyechoka, mpenda sifa, anayewapigia simu wanasiasa kutoka jukwaani na kuwashukuru kwa kazi nzuri wanayomfanyia. Ukilitazama igizo lenyewe badala ya picha moja iliyokatwa, utaona anayechekwa ni nani. Mwandishi Mwingereza C. S. Lewis alifanya jambo hilo hilo katika kitabu chake cha barua za pepo mkubwa kwa pepo mdogo, ambacho wachungaji wetu wengi wanacho kwenye rafu. Bendi yenyewe ilionyesha kitabu hicho katika video yao ya katuni ya mwaka 1995. Luther naye, ambaye jina lake limeandikwa kwenye ubao wa kanisa letu pale barabarani, alifundisha kwamba shetani haumizwi na kitu kama kudharauliwa na kuchekwa.

Na kwa nini twende mbali? Kila Pasaka vijana wetu huigiza majaribu ya Bwana jangwani. Mara ya mwisho shetani wetu alikuwa na pembe za karatasi ya manila na mkia wa kamba ya katani, na mzee huyo huyo alicheka mpaka akafuta machozi. Hakuna aliyemtaka kijana yule ajipime kama ameokoka.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu hukumu za macho. Kwa miaka mingi mashabiki na wapinzani walimsema Bono kwa miwani yake ya rangi, asiyoivua hata ndani ya nyumba. Walisema ni majivuno, ni mtu anayejiona nyota hata mbele ya marais. Mwaka 2014 akaeleza kwamba ana ugonjwa wa macho wa glakoma, na kwamba ameishi nao kwa karibu miaka 20. Watu walikuwa wamecheka macho ya mgonjwa.

Shitaka la pili la ndugu zetu ni zito kuliko pembe, nami nitakaa nalo zaidi, maana hapa sioni kosa la Bono bali naona upungufu wetu. Wanasema: mtu huyu mwaka 1987 aliimba wimbo mashuhuri ambao ndani yake anaukiri msalaba, kisha anasema bado hajakipata anachokitafuta. Basi, wanasema, hajaokoka, kwa kuwa aliyempata Yesu amepata yote.

Nimewauliza: je, mmesoma Zaburi, au mnasoma zile tatu tu zinazosomwa kwenye mazishi na harusi? Karibu theluthi moja ya kitabu kile ni malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu atamsahau mtu wake hadi lini, na inamuuliza tena na tena. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila haleluya, bila ushuhuda wa muujiza, na Kanisa halikuiondoa. Paulo naye, akiwa mtume mzee kifungoni, anawaandikia Wafilipi katika sura ya tatu kwamba yeye hajafika, hajakamilika, bado anakaza mwendo. Kwa kipimo cha mzee wetu Paulo angeambiwa ajipime.

Wakristo weusi wa Harlem, New York, hawakusumbuliwa na wimbo ule. Kwaya yao ya injili iliuchukua, ikaupiga kwa namna yake, na U2 wakaimba pamoja nayo. Rekodi hiyo ipo katika albamu yao ya mwaka 1988. Watu ambao babu zao walivushwa bahari kwa minyororo walisikia mtu anayemwamini Mungu na bado anangoja, wakamtambua kama ndugu. Sisi tukasikia mpagani.

Sababu naijua. Fungua daftari la nyimbo za kwaya yetu uhesabu. Tumeshinda, tumevuka, adui ameaibika, mwaka huu ni wetu. Nazipenda nyimbo hizo na nimezicheza. Lakini mwaka uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alizika watoto wawili katika miezi mitano, na Jumapili baada ya arobaini ya pili alirudi kanisani, akaketi benchi la nyuma, na kwaya ikaimba kwamba familia yake haitaonja msiba. Sitasahau uso wake. Hatukuwa na wimbo hata mmoja wa kumpa. Si kwamba tuliuficha. Hatukuwa nao kabisa. Kanisa ambalo halina wimbo wa anayengoja halina haki ya kumshitaki mtu wa Dublin aliyeutunga.

Hadi hapa mashabiki wa Bono watakuwa wanapiga makofi. Waache, maana zamu yao imefika.

Kijana wetu alisema Bono aliifutia Tanzania madeni. Maneno hayo si kweli, na yanawaibia watu wengi. Mwalimu Nyerere alikuwa akiiuliza dunia tangu miaka ya themanini kama nchi maskini ziwanyime watoto chakula ili zilipe riba. Kampeni ya Jubilee 2000 ilianzia kwa watu wa makanisa na vyama vya misaada waliosoma Mambo ya Walawi sura ya 25, habari za mwaka wa hamsini ambao mdeni anaachiwa, wakauliza kwa nini maneno hayo yasisomwe kwa mabenki. Tarehe 16 Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, viongozi wa nchi tajiri walipokuwa wakikutana. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida, bibi zetu wa kule, wamekuja kwa mabasi na chupa zao za chai. Uganda ilianza kupata nafuu ya madeni mwaka huo huo wa 1998. Bono aliingia kwa nguvu baadaye kidogo. Tanzania ilikamilisha masharti mwezi Novemba 2001, na katika mwaka huo ada za shule za msingi zikafutwa. Kenya haikupata msamaha wa namna hiyo, lakini ilifuta ada mwaka 2003. Na wanaokumbuka miaka ile wanajua nani alifyatua matofali ya madarasa mapya watoto walipofurika. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na mgongo wake mpaka leo unatoa ushahidi.

Bono alifanya nini basi? Alifungua milango ambayo bibi wa Birmingham asingeifungua. Mwaka 2000 alimwendea Seneta Jesse Helms wa Marekani, mwanasiasa mkali aliyepinga misaada kwa nchi za nje maisha yake yote, akazungumza naye kwa Biblia, na yule mzee akalia. Hilo si dogo, na Wakristo tunapaswa kulikumbuka tunapodhani kwamba mpinzani hageuki. Lakini anayefungua mlango si mwenye nyumba. Tofauti hiyo Bono mwenyewe ameisahau mara kadhaa.

Alisahau Arusha, hapa hapa kwetu. Mwezi Juni 2007 ulifanyika mkutano mkubwa wa kimataifa wa mawazo kuhusu Afrika. Mwandishi wa habari wa Uganda, Andrew Mwenda, akasimama na kusema kwamba misaada imewadhuru Waafrika kwa kuwafanya watawala wao wawasikilize wafadhili kuliko wananchi. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Mimi nakubali nusu. Lakini Mwafrika alikuwa na zamu yake ya kusema, katika ardhi ya Afrika, na Bono akamkatiza kwa kelele kutoka pale alipoketi. Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 2005, yalipofanyika matamasha makubwa ya Live 8 kwa ajili ya Afrika, wanamuziki wengi wa Afrika waliwekwa peke yao kule Cornwall, mbali na jukwaa kuu la London ambalo Bono aliimba. Mtu anaweza kuwapenda maskini kwa moyo wake wote na bado asiwaachie kipaza sauti.

Kisha kodi. Mwaka 2006 Ireland iliweka kikomo katika msamaha wa kodi kwa wasanii: kuanzia hapo kipato cha usanii kinachozidi euro 250,000 kwa mwaka kingetozwa. U2 wakahamisha sehemu ya biashara ya haki za nyimbo zao kwenda Uholanzi, ambako kodi ilikuwa nafuu. Sheria haikuvunjwa. Walipoulizwa walijibu kwamba ni biashara, na kwamba kodi wanalipa katika nchi nyingi. Lakini mtu huyu amezunguka dunia akizitaka serikali zitoe zaidi kwa maskini, na serikali haina mfuko mwingine zaidi ya kodi ya dereva, muuguzi na fundi bomba wa Dublin, ambaye hana ofisi Uholanzi. Mwaka 2011 waandamanaji walijaribu kuinua puto kubwa lenye maneno ya kodi wakati bendi ikipiga katika tamasha la Glastonbury. Walinzi walilishusha. Mimi ningeliacha lipae.

Hapa ndipo penye kesi. Amosi angeishughulikia, na Bwana mwenyewe katika Mathayo 23 aliwaambia waliolipa zaka ya mnanaa jinsi walivyoacha mambo makubwa ya adili. Nashangaa kwamba katika ugomvi wetu wote, Alhamisi ile na Jumapili ile, hakuna aliyetaja kodi. Si kwamba hatukujua. Mpiga gitaa la solo alilisoma gazetini. Aliniambia hakulitaja kwa kuwa alitazama benchi la mbele akaona nani wameketi pale. Tunaye ndugu mwenye maduka matatu ambaye ukinunua kwake bati za shilingi laki nane anakuuliza kama unataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti. Siku ya harambee anasimama wa kwanza, tunapiga vigelegele, mchungaji anamwombea. Pembe za Bono hazimgusi mtu yeyote kanisani kwetu, ndiyo maana ni rahisi kuzihubiri.

Kosa la albamu nitalipita haraka. Tarehe 9 Septemba 2014, kwa mapatano na kampuni ya Apple, albamu mpya ya U2 iliwekwa bila kuombwa katika akaunti za watu wapatao milioni 500. Dunia ilikasirika kuliko ilivyokasirika kwa kodi, jambo linaloonyesha dunia inaumia wapi. Bono aliomba radhi, na katika kitabu chake cha maisha cha mwaka 2022 alijitwisha lawama. Kanisa linaloelekeza spika nne kwenye madirisha ya majirani saa tisa za usiku wa mkesha lisiseme sana hapo. Sisi bado hatujaomba radhi.

Sasa, wapendwa, mtaniuliza: ameokoka au hajaokoka? Nawajibu kwamba sijui, na wala hamkunitafutia kazi hiyo, na mzee wetu pia hakuchaguliwa kwa kazi hiyo. Alichaguliwa kulinda kundi, na kundi lilikuwa na mpiga besi wa miaka 22. Katika Marko 9 Yohana anamwendea Bwana kwa furaha kumwambia kwamba wamemkataza mtu aliyetoa pepo kwa jina lake, kwa kuwa mtu yule hafuatani nao. Alitarajia sifa, akaambiwa aache. Yohana alikuwa na sababu bora kuliko yetu, kwa maana yeye alimwona mtu akitenda kazi. Sisi tuliona fulana.

Na vijana nao, waliosema mimi wa Bono na mimi si wa Bono, wasome walichoandikiwa Wakorintho waliogawana kati ya Paulo na Apolo na Kefa. Wale angalau waligawana mitume.

Wiki iliyopita nilimtembelea yule kijana. Nilimkuta uani anasafisha pikipiki yake ya bodaboda, fulana ile ile imekuwa tambara la kufutia mnyororo. Akanipa shikamoo, akaniletea kigoda. Nikamweleza haya yote, hata ya madeni, na alibisha kwa muda mrefu kuhusu madeni, jambo lililonifurahisha. Nilipomwomba arudi kwaya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, wewe hukunisema. Aliyenisema kanisani ana miguu, na nyumbani hapa anapajua."

Nilifikisha maneno hayo kwa mzee jioni ile ile, kama yalivyo. Aliniambia magoti yanamsumbua. Nikamwambia kijana ana pikipiki, anaweza kuja kumchukua. Mzee akasema atalifikiria.